Jinsi ya kuchagua kijiji cha kuteleza theluji mkienda kama grupu kutoka Kampala

Siku hizi grupu nyingi za hapa Kampala zinachanga pesa kidogo kidogo kwa Mobile Money ili wasafiri pamoja, wamemaliza Sipi, wamemaliza Bunyonyi, Mombasa na Zanzibar wamezoea, sasa wanataka theluji. Theluji yetu wenyewe iko Rwenzori, kilele cha Margherita ni mita 5109, unatembea siku kadhaa kwenye matope ndo uiguse na hakuna mtu anaenda pale kuteleza kwa burudani. Basi mtu anatupia kwenye WhatsApp picha ya kijiji cha Ulaya kimefunikwa weupe, watu wote wanaandika "twende", na kuanzia hapo mjadala unakuwa wa picha tu, nani kaleta kijiji kizuri zaidi, nani kasikia rizoti (kijiji cha kuteleza) ipi ina kilomita nyingi zaidi za njia za kuteleza.

Jamani, kilomita hazitawasaidia. Grupu ya watu kumi kutoka Kampala, labda mmoja au wawili wamewahi kuvaa skii (zile mbao ndefu za kutelezea), wengine wote watakuwa kwenye mteremko mmoja wa kujifunzia karibu wiki nzima. Kwa hiyo kijiji mchague kwa kumwangalia yule ambaye hajawahi hata kukanyaga theluji, msimwangalie yule jamaa aliyesoma Canada. Huyo wa Canada atafurahi popote.

Hatua ya 1: andikeni mko akina nani

Kabla hamjafungua ukurasa wowote wa hoteli, chukueni karatasi muandike kila mtu na umri wake, kama amewahi kuteleza, kama anataka kuteleza kweli au anataka tu kuona theluji na kupiga picha (hawa huwa wengi kuliko wanavyosema mwanzoni, waulizeni kwa upole mmoja mmoja, kwenye grupu hawatasema), nani anakula halali, nani ana mtoto mdogo, nani magoti yanamsumbua.

Na hapa kuna jambo ambalo miongozo ya wazungu haiandiki kwa sababu kwao siyo la kila siku: selimundu, yaani siko seli. Uganda watoto kama 13 kwa kila 100 wanazaliwa wakibeba kinasaba chake, kwa hiyo kwenye grupu ya watu kumi kuna uwezekano mkubwa kabisa mmoja wenu anacho na labda hata hajui. Mwenye ugonjwa wenyewe, baridi kali na hewa nyepesi ya juu vinaweza kumletea maumivu makali, na hata yule anayebeba tu bila kuumwa anaweza kupata shida ya bandama akipanda juu sana, hasa kama anafanya mazoezi mazito huko. Kwa hiyo pimeni kabla, muongee na daktari kabla ya kulipa chochote, na kama kuna mwenye ugonjwa basi vijiji vya juu mvitoe kwenye orodha mapema, msisubiri mtu aanze kulia usiku mko kwenye mlima na hospitali iko bondeni. Siyo kumnyima mtu safari, ni kuchagua mahali ambapo na yeye atafurahi.

Hatua ya 2: tarehe

Hii tuna bahati nayo. Shule zetu zinafunga mwanzoni mwa Desemba na zinafungua mwanzoni mwa Februari, kwa hiyo Januari watoto wako nyumbani. Ulaya ni kinyume, wiki ya Krismasi na Mwaka Mpya bei iko juu mawinguni, halafu watoto wao wanarudi shule na vijiji vinapungua watu, foleni zinapungua, nyumba zinashuka bei. Kisha Februari Wafaransa wanapewa likizo ya shule kwa zamu kanda kwa kanda mpaka mwanzoni mwa Machi, na Waingereza nao wanaingia katikati ya Februari, hapo tena ni msongamano. Kwa familia ya Kampala, kati ya tarehe 7 na mwisho wa Januari ndo dirisha lenu.

Ubaya wa Januari ni baridi yenyewe, juu kule inaweza kushuka hadi chini ya nyuzi 15 chini ya sifuri, na jua linazama kama saa kumi na moja jioni. Hilo la jua litabadilisha aina ya kijiji mnachotaka, nitalirudia.

Kumbukeni pia nyumba nyingi za Alps, ile milima mikubwa ya Ulaya, zinapangishwa Jumamosi hadi Jumamosi, kwa hiyo msinunue tiketi ya ndege kutoka Entebbe kwanza halafu mkagundua mnafika Jumatano.

Hatua ya 3: viza ndo inachagua nchi

Nchi nyingi za theluji ziko ndani ya Schengen, lile kundi la nchi za Ulaya zenye viza moja: Ufaransa, Austria, Italia, Uswisi, Slovenia, na Bulgaria nayo imeingia kikamilifu tangu tarehe 1 Januari 2025. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, walio chini ya hapo hawalipi. Mnaruhusiwa kuomba kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwombe mapema kabisa kwa sababu miadi zinajaa. Ombi linapelekwa kwa nchi ambayo mtalala siku nyingi zaidi, kwa hiyo kabla hamjapenda kijiji fulani ulizeni kwanza hiyo nchi inapokea maombi hapa Kampala au inawapeleka mpaka Nairobi, maana kwa watu kumi gharama ya kwenda Nairobi na kurudi na kulala ni pesa ya kukodi skii za watu kadhaa.

Andorra wengi wanaipenda sababu ya bei na iko milimani vizuri, ila haimo Schengen na haina eapoti ya ndege za abiria za kawaida kutoka mbali, mnapita Uhispania au Ufaransa halafu mnatoka halafu mnaingia tena. Viza ya kuingia mara moja haitoshi hapo. Mtu akipewa ya mara moja anakwama.

Kitu cha maana zaidi kwenye hatua hii: wekeni nafasi kwenye nyumba ambayo mnaweza kufuta bila kupoteza pesa mpaka majibu ya viza yatoke. Kwenye grupu kubwa kuna mtu atanyimwa, siyo lazima lakini hutokea sana, na mkiwa mmelipa chalet (nyumba ya milimani) nzima bila kurudishiwa basi urafiki wa miaka unaingia kwenye deni. Amueni mapema pia, mmoja akinyimwa wengine wanaenda au hawaendi? Liandikwe.

Bima nayo. Ya Schengen inatakiwa ifike angalau euro 30,000, lakini nyingi zinazouzwa kwa ajili ya viza hazigusi michezo ya theluji hata kidogo. Ukivunjika mguu mteremkoni Ufaransa, kushushwa na waokoaji kunalipiwa, na ikija helikopta ndo usiseme. Muulize wakala neno kwa neno kama kuteleza skii kumo, akusomee kifungu chenyewe.

Wale ambao bajeti au viza ya Ulaya haiwezekani mwaka huu, Afrika ipo rizoti ya Afriski kule Lesotho, kwenye milima ya Maluti, wazi Juni hadi Agosti, mnaruka Entebbe mpaka Johannesburg halafu barabara masaa manne matano. Mteremko mkuu ni kama kilomita moja tu na kwa wanaojifunza unatosha kabisa. Ila iko zaidi ya mita 3000 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo lile la selimundu linahusu pale kuliko hata Alps. Na viza ya Afrika Kusini mjue mnaihitaji kwanza.

Hatua ya 4: urefu wa kijiji

Kila mita 1000 ukipanda joto linashuka kama nyuzi 6. Kijiji kilicho chini, mita 600 mpaka 1000, Januari kinaweza kupata mvua badala ya theluji, mkaamka mkaona matope na nyasi wakati mlitoka Kampala kuja kuona weupe. Mayrhofen ya Austria kwa mfano ni mji mzuri, una maisha, lakini wenyewe uko kwenye mita 630, kuteleza ni huko juu. Wanaotaka tu theluji ya kutembea na kurushiana mlangoni hawataipata kwa uhakika pale.

Ukienda upande mwingine kuna Val Thorens ya Ufaransa, mita 2300, ndo rizoti ya juu kuliko zote Ulaya, theluji uhakika kuanzia mwisho wa Novemba mpaka Mei. Lakini hakuna mti hata mmoja, upepo unapiga, na ukungu ukishuka unaona weupe juu weupe chini mpaka aliyeanza jana anaogopa kusogea. Kampala iko kama mita 1200, kwa hiyo siku mbili za kwanza mtahema kwenye ngazi.

Mimi kwa grupu ya kwetu napendelea kati ya 1500 na 2000, ambapo kijiji kina theluji yake na usingizi hausumbui. Ni kama urefu wa Kabale tu.

Hatua ya 5: someni ramani ya njia

Kila rizoti ina ramani yake kwenye intaneti, bure. Njia zina rangi: Ufaransa kijani ni ya wanaoanza, buluu rahisi, nyekundu ngumu, nyeusi waachieni wenyewe. Austria, Uswisi na Italia kwa kawaida kijani hakuna, wanaanza na buluu. Msihesabu kilomita. Tafuteni vitu viwili tu.

Cha kwanza, uwanja wa kujifunzia uko wapi? Ukiwa kijijini kwenyewe, aliyechoka anarudi nyumbani kwa miguu, asiyeteleza anakuja na chai kumwangalia mwanawe, mnakula pamoja mchana. Ukiwa juu mlimani mnagawanyika asubuhi mpaka jioni. Bansko ya Bulgaria inapendwa kwa bei na kweli kula na kulala ni rahisi kuliko Alps, mji wa zamani wa mawe una migahawa mizuri, lakini mji uko chini kwenye mita 900 na kitu, na uwanja wa wanaoanza uko juu kwenye mita 1600. Mnapanda gondola (kibanda kinachoning'inia kwenye waya) kama dakika 25, na asubuhi za wiki zenye watu foleni ya gondola inakula muda kabla hamjagusa theluji. Mtoto akianza kulia saa nne asubuhi, safari ya kumrudisha siyo ndogo. Bado ni chaguo zuri kwa bajeti, ila mwende mkijua, na mlale karibu na kituo cha gondola.

Cha pili, njia ya mwisho ya kurudi kijijini ni rangi gani? Kama ni nyekundu, wanaoanza watashuka na lifti (viti au vibanda vya waya vinavyobeba watu mlimani) kila jioni. Alpe d'Huez, mita 1860, wana eneo kubwa la kijani chini pale karibu na kijiji, mtu wa siku ya tatu anateleza mpaka nyumbani na ile furaha usoni inatosha kulipia safari. St. Anton ya Austria ni kinyume chake, jina kubwa, picha nzuri, lakini buluu zake zingine ni kama nyekundu za kwingine, wanaojifunza wanateseka pale.

Hatua ya 6: kutoka kitandani mpaka lifti

Hapa ndo nataka muwe wakali. Viatu vya skii ni plastiki ngumu mpaka katikati ya muundi, kifundo hakikunji, unatembea kisigino kwanza umeinama mbele. Sasa ongeza skii mbili begani zinateleza zikiachana, fimbo mkono mwingine, glovu nene, mtoto analia nyuma na yeye ana skii zake ambazo baba ndo anabeba, na barabara ni barafu. Mita 500 hivyo asubuhi, mtu anafika kwenye somo jasho limemtoka ndani ya koti, halafu jasho linapoa. Siku ya tatu anasema leo nabaki kulala.

Kwa hiyo tangazo likisema "karibu na lifti" usikubali, chukua anwani, pima kwenye ramani, halafu uliza ni tambarare au mlima. Mita 200 sawa. Zaidi ya hapo tafuteni duka la kukodi skii lililo mguuni mwa lifti lenye makabati, mnaacha viatu na skii huko na mnatembea na buti zenu za kawaida, dawa kabisa. Basi la bure la skii lipo vijiji vingi lakini linajaa.

Chamonix nawatajia kwa sababu kila mtu anaijua, Olimpiki ya kwanza ya baridi ilifanyika pale mwaka 1924 na ule mlima ni wa ajabu kuuona, lakini sehemu zake za kuteleza zimetawanyika bondeni, ni basi kila asubuhi. Kwa grupu ya wanaojifunza hapana.

Hatua ya 7: jioni, na wasioteleza

Lifti zinafungwa kama saa kumi na nusu na giza linaingia. Mna masaa matano au sita ya jioni kila siku, kijiji ambacho ni magorofa na baa peke yake kitawachosha, hasa kama nusu yenu hawanywi. Angalieni kama kuna uwanja wa barafu, bwawa la ndani, njia ya sleji (kigari kisicho na magurudumu unachokalia ukashuka kwenye theluji). Val Thorens ina njia ya sleji ya kilomita 6, hiyo hata asiyejua skii anashuka akipiga kelele.

Wazee na wasioteleza watafutieni mahali ambapo mlima unafikika kwa treni au gondola ya watembea kwa miguu. Zermatt haina magari ya kawaida, unaacha gari Täsch unaingia kwa treni, na kutoka kijijini kuna treni ya Gornergrat mpaka mita 3089, mama mzee anakaa kwenye kiti anaona mlima Matterhorn na barafu pande zote bila kuvaa skii maisha yake. Wengen nayo haina magari. Ni Uswisi lakini, bei za chakula zitawashtua, mfuko uwe tayari.

Hatua ya 8: nyumba na jiko

Apatimenti ya Ufaransa ikisema "ya watu 4" mara nyingi maana yake ni chumba kimoja chenye sofa ya kufunguka na vitanda vya ghorofa kwenye kakorido pale mlangoni. Watu wazima wenye masanduku ya nguo za baridi hawatoshi. Nyie mkiwa wanne chukueni ya sita. Ulizeni mashuka na taulo vimo au vinalipiwa, usafi wa mwisho nani anafanya, na amana ni ngapi.

Jiko ni lazima kwa maoni yangu. Chakula maarufu cha milima ya Ufaransa ni tartiflette, viazi na jibini, na ndani yake kuna vipande vya nguruwe. Fondue ya jibini inapikwa na divai nyeupe. Muislamu akila hotelini wiki nzima atabaki na chipsi na omleti. Nyama ya halali ni ngumu kupata kijijini, mnunue mkiwa bado mjini, Geneva, Lyon au Grenoble, kabla ya kupanda. Kutoka nyumbani bebeni unga wa posho na karanga za kusaga, lakini nyama na vitu vya maziwa hairuhusiwi kuingia Umoja wa Ulaya kwenye begi, kwa hiyo ile samli ya eshabwe mama aliyowapa iacheni. Mkiwa wengi ulizeni kama kuna sufuria kubwa, zile za apatimenti ni za watu wawili.

Nguo msinunue mpya. Soko la Owino kwenye mivumba (mitumba) tafuteni koti na suruali za theluji, soksi ziwe za sufu siyo pamba. Na mafuta ya jua hata kwa ngozi yetu, theluji inarudisha mwanga usoni vibaya sana.

Hatua ya 9: vijiji vitatu, kura moja

Leteni vijiji vitatu tu kwenye grupu, kila kimoja na urefu wake, umbali wa mlango hadi lifti, uwanja wa wanaoanza uko wapi, jumla ya pesa kwa mtu. Jumla iwe ya kweli: ndege, viza, bima, usafiri kutoka eapoti, nyumba, pasi ya lifti, kukodi skii, masomo, chakula. Anayepiga kura ni aliyekwisha weka amana. Bila hivyo watu ambao hawaendi ndo watachagua.

Mkiniuliza mimi, familia na wanaoanza wengi, ningependekeza Avoriaz, Ufaransa. Mita 1800, magari hayaingii, yanabaki mlangoni mwa kijiji na mizigo inapelekwa kwa sleji ya farasi au gari la theluji, watoto wanacheza njiani bila kuogopa boda wala lori. Majengo mengi unatoka mlangoni unavaa skii hapo hapo, uwanja wa watoto uko katikati, kuna bwawa la ndani la Aquariaz kwa wasioteleza, na Geneva iko chini ya masaa mawili kwa barabara. Apatimenti zake ni ndogo, lile la kuchukua ya sita mkiwa wanne linahusu hapa kabisa. Bajeti ikibana, Bansko karibu na gondola.

Mkishakubaliana, siku hiyo hiyo wekeni nafasi ya masomo. Wanaoanza sita au nane mkiwa kiwango kimoja ulizeni bei ya mwalimu wa peke yenu, mkigawana mara nyingi haipishani sana na darasa la watu msiowajua, na anaenda kwa mwendo wenu. Pasi ya lifti ya eneo zima wanaoanza msiwanunulie, zinafika mamia ya euro kwa siku sita, kuna za wanaojifunza na vijiji vingi vya Ufaransa vina lifti za mwanzo za bure. Yule wa Canada ajinunulie yake.